Nani Alitunga "Sidi, Kaza Mwendo"

Mercy, kiongozi mpya wa bendi yetu, alinipigia simu wiki ya tatu baada ya mimi kustaafu. Nilikuwa bado sijajua namna ya kukaa nyumbani. Mlango wa mbele nilikuwa nimeupaka rangi mara mbili, na mke wangu alikuwa ameanza kuniuliza kama hakuna mahali ninapohitajika.

"Shikamoo, Mzee Katana," akasema Mercy. "Mwezi ujao tunaingia studio kurekodi 'Sidi, Kaza Mwendo'. Wanataka jina la mtunzi kwenye karatasi. Tuandike Kapteni, sivyo?"

Nikamwomba anipe siku kumi. Akacheka, akidhani namtania. "Mzee, si wewe mwenyewe ulikuwa ukilitaja jina hilo jukwaani kila jioni?"

Ni kweli. Nimelitaja kwa zaidi ya miaka thelathini, na tangu mara ya kwanza nilijua si kweli. Kapteni, aliyeiongoza bendi kabla yangu, hakuutunga wimbo ule. Mimi ndiye niliyempa, na mimi nilikuwa nimeupata kwa mwanamke mmoja wa Marereni ambaye hajawahi kutajwa popote. Maneno ya jukwaani hupeperuka, lakini jina likishachapishwa halitoki tena. Basi nikashika kalamu. Nyinyi vijana wa bendi mlikuwa mmeniomba niwaandikie habari za kazi yetu, nami nikawa nawaahidi tu. Haya, someni. Mambo ya vyeo na mishahara nimeyaacha nje, maana vyeo havikuwapo na mishahara itatutia huzuni bure.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa muziki, ilikuwa chumvi. Nilikwenda Marereni nikiwa kijana ninayejiona mwamba, nikapewa reki ya mbao na bwawa la kukwangua. Hakuna aliyeniambia kwamba chumvi ina makali. Kufikia saa tano asubuhi nilikuwa nimejikata kidole cha mguu, maji ya bwawa yakaingia kwenye jeraha, nikalia mbele ya watu wote. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na karai la chumvi kichwani alisimama, akanitazama bila haraka, akasema, "Mafuta ya nazi hupakwa kabla ya kuingia bwawani, kaka, si baada ya kulia." Kisha akaendelea na safari yake. Huyo ndiye Kadzo.

Wanaume tulikwangua, wanawake wakabeba. Walipanga msururu kutoka mabwawani hadi kwenye lundo, karai kichwani, na Kadzo ndiye aliyeanzisha nyimbo. Walikuwa na desturi yao: anayebaki nyuma hutajwa kwa jina ndani ya wimbo, na jina lake haliondoki mpaka apatikane mzembe mwingine. Kwa kawaida mtu alitajwa siku mbili, tatu, akaona haya akakaza miguu. Lakini msimu ule nilipokuwapo mimi, jina lilikuwa moja tu wiki baada ya wiki. Lilikuwa la Sidi, mwanamke mwembamba aliyejifunga leso mbili, moja juu ya nyingine, hata jua likiwaka namna gani. Walimwimbia hivi:

Sidi, kaza mwendo, jua linapanda,
Sidi, kaza mwendo, nyapara atazama,
karai ni lako na njia ni yako,
sisi twakungoja, sisi twakungoja.

Nyapara, msimamizi wetu, ambaye alikaa kutwa nzima kwenye kibanda chake cha makuti, aliupenda wimbo huo kuliko zote. Kila Sidi alipohimizwa, yeye alitikisa kichwa kwa kuridhika na kurudi kwenye chai yake. Uliimbwa polepole mno, hatua kwa hatua. Mimi nikiwa bwawani na reki yangu nilidhani ni uzito wa karai. Nilikuwa na gitaa la mjomba wangu lililopasuka ubavuni, na Jumapili nilikuwa nikiutafuta wimbo ule kwenye nyuzi nne zilizobaki.

Nilivumilia miezi minane, kisha nikashuka Malindi kutafuta bendi. Nilimpata Kapteni.

Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mzaliwa wa mji wa kale, mtu wa makamo, mkavu, shati lake la maua la kazini likipigwa pasi sawasawa na kanzu yake ya Ijumaa. Tulimwita Kapteni kwa sababu ya kofia aliyovaa jukwaani. Bahari yenyewe ilimtia kichefuchefu hata akiitazama tu, ndiyo maana alipiga gitaa akiwa ameipa mgongo. Bendi yake ilikuwa na mkataba na hoteli moja ya ufuoni ambayo siku hizi ina jina jingine na ukuta mrefu zaidi.

"Watoka wapi, mwanangu?" aliniuliza.

"Marereni, kwenye chumvi."

"Ulikuwa ukifanya kazi gani huko?"

Nikaitazama mikono yangu iliyochubuka, nikaitia mfukoni. "Karani," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Yaani najua: niliona haya. Mbele yangu alisimama mtu msafi, mwenye Kiswahili kilichonyooka, nami sikutaka anione kama mkwanguaji. Ulikuwa uongo wa neno moja, nikadhani mambo yameishia hapo.

Siku ya kwanza ya kazi nilifika mapema nikijua nitapiga gitaa. Kapteni akanipa sufuria. Nyuzi za besi zilikuwa zimepoteza sauti kwa upepo wa chumvi, na nyuzi mpya zilitoka Mombasa kwa kubahatisha, kwa hiyo tulizichemsha. Robo saa kwenye maji yanayotokota, unazifuta kwa kitambaa kikavu, unazianika kivulini, si juani. Zinarudi na sauti ya wiki mbili. Najua nyinyi mnaagiza nyuzi kwa simu na zinafika kesho yake, lakini siku simu itakapokosa mtandao mtamkumbuka mzee na sufuria yake. Vipande vya kupigia nyuzi tulivikata kwenye vifuniko vya madumu ya mafuta, na baadaye kwenye kadi za simu, ambazo zilikuwa laini mno kwa roki lakini nzuri kwa nyimbo za mapenzi.

Ilipofika zamu yangu ya kupiga, Kapteni alisikiliza kidogo akainua mkono. "Wapiga kama mtu afukuzaye nzi. Hebu mwache nzi akae kwanza." Nilichukua mwaka mzima kumwelewa. Alitaka niache nafasi kati ya pigo na pigo. Hakunifokea hata siku moja, na kila nilichojua kwenye gitaa kilitoka kwake. Nasema hivi mapema ili msije mkadhani namvua nguo marehemu.

Basi, meneja wa hoteli akataka kitu cha wenyeji lakini chenye mdundo wa roki. Wageni wetu wengi walikuwa Wataliano wenye umri wa kutosha, watu waliokua na roki, na walikuwa wamechoshwa na nyimbo za kukaribisha watalii. Tulikaa mazoezini siku nzima bila kupata kitu. Nikasema ninao wimbo mmoja. Nikaupiga kama nilivyousikia chumvini, taratibu, na mpiga ngoma akapiga miayo.

"Uchangamshe," Kapteni akasema.

Nikaukimbiza. Ngoma ikauingia, besi ikaanza kutembea, na ghafla tukawa na roki kamili, roki ya kumnyanyua mtu kitini. Kapteni akaongeza kile kituo mnachokijua: kabla ya "sisi twakungoja", bendi yote inanyamaza mapigo manne. "Wape nafasi wautafute mdundo kwa miguu yao," alisema. Siku ya kwanza tuliupiga saa ya chai kando ya bwawa la kuogelea, na tulipofika kwenye kituo kile, Mtaliano mmoja mnene alibaki ameinua mguu mmoja hewani akitungoja. Mkewe alicheka mpaka akaketi sakafuni. Tuliombwa kuurudia mara tatu.

Jioni ile Kapteni alinipa daftari la bendi, lile la jalada la buluu, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri. Kila wimbo uliandikwa maneno yake, ufunguo wake, na mtunzi wake.

"Wimbo huu ni wako?" akauliza.

"Hapana. Nimeusikia tu kule chumvini."

"Kwa nani?"

Hapo ndipo nilipokosea. Kama ningesema nimeusikia kwa Kadzo mbeba karai, angeuliza karani wa ofisini alikuwa akifanya nini mabwawani. Nikasema, "Kwa watu tu." Basi nikafuata desturi ya bendi, kwamba wimbo usio na mwenyewe huandikwa jina la kiongozi. Niliandika "Mtunzi: Kapteni" kwa herufi safi, nikapiga na mstari chini. Kapteni alitazama, akafunga daftari.

Wimbo ukishapata mtunzi, hutafutiwa na kisa. Meneja alitaka wageni waelezwe kila wimbo una maana gani, na mimi ndiye niliyekuwa na Kitaliano cha kuokoteza. Nikabuni kwamba Sidi alikuwa bibi harusi mvivu aliyechelewa harusi yake mwenyewe, wazee wakamngoja mpaka pilau ikapoa, na Kapteni, aliyekuwa mmoja wa wageni, akamtungia wimbo papo hapo. Wageni walivunjika mbavu. Kila msimu nilitia chumvi kidogo: mara Sidi alilala, mara alikuwa bado anasuka nywele, mara alirudi nyumbani kubadili viatu mara nne. Nawaambieni, sijawahi kufanikiwa kwa lolote kama nilivyofanikiwa kwa uongo ule.

Halafu wimbo ukatutoka mikononi. Kina mama wa mjini wakauchukua harusini, wakauondolea magitaa na kuutia ngoma za chakacha, na kila bibi harusi aliyechelewa saluni akawa Sidi. Bendi moja ya Kilifi ikaupiga kwa mtindo wa bango, muziki wa dansi wa pwani, na saksofoni ndefu mahali pa kile kituo chetu, jambo lililomuudhi Kapteni wiki nzima. Kwaya ya kanisa ikabadili jina tu, "Ndugu, kaza mwendo", na njia ikawa ya kwenda mbinguni. Shule zikauimba kwenye mbio. Mwanasiasa mmoja akauweka kwenye gari lake la vipaza sauti, akashindwa vibaya, na Kapteni akasema mpiga besi wake alikuwa nje ya ufunguo. Vilipokuja vinanda vya umeme vyenye ngoma ndani, kijana mmoja wa hoteli jirani akaupiga peke yake kwa kidole kimoja. Nilikwenda kumsikiliza. Kitu cha kusikitisha ni kwamba haukuwa mbaya.

Katika yote hayo ni mtu mmoja tu aliyewahi kutupinga. Alikuwa mgeni mzee wa Kitaliano, mtaratibu, aliyekuja kila mwaka na kofia ile ile. Saa ya chai moja alisogea jukwaani akaniambia kwamba sauti ya wimbo huu aliicheza dansi ujanani, kwao, kwenye santuri ya Kiingereza. Akaivumisha puani. Ilikuwa yenyewe.

Nikamtafsiria Kapteni. Uso ukamwiva. "Mwambie mzee wa watu wimbo huu umezaliwa papa hapa, na mimi ndiye niliyeukata kitovu!"

Mgeni akasisitiza. Kapteni naye akasisitiza. Wakabishana kwa heshima kubwa, kila mmoja kwa lugha yake, huku chai ikipoa, na mimi nikiwa katikati natafsiri nusu na kuificha nusu. Mwishowe niliamua moyoni kwamba Wazungu ndio waliouiba, wakauvusha bahari. Ilikuwa rahisi kuamini hivyo kuliko kwenda Marereni kuuliza.

Kapteni alifariki miaka kadhaa iliyopita, nikaachiwa bendi. Mazikoni watu waliuimba wimbo huo kwa sauti ya chini wakati wa kurudi nyumbani, na wengi walilia, nami nililia kuliko wote. Nani angesimama siku ile kusema si wake? Nikaendelea kumtaja jukwaani mpaka jioni yangu ya mwisho.

Hayo ndiyo yaliyokuwa rohoni mwangu Mercy aliponipigia simu.

Siku ya kwanza kati ya zile kumi nilikwenda kwa Bi Mwanaisha, mjane wa Kapteni, anayekaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Nilikaa barazani kwake nikazunguka sana: nikauliza habari za magoti yake, habari za wajukuu, habari za bei ya nazi. Akanisubiri. Nikapiga moyo konde nikamwambia yote, karani na daftari na Kadzo.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, Bi Mwanaisha. Nisamehe."

"Mwanangu, mimi nimekaa na mtu yule miaka arubaini. Hakuweza kutunga hata salamu za Idi, aliniandikisha mimi. Alijua si wake. Siku zote alisema, Katana ana siri yake ya huko chumvini, siku moja ataisema." Akajifunika vizuri mtandio wake. "Lakini kile kituo ni chake. Hicho msimnyang'anye. Alirudi nyumbani siku ile amefurahi kama mtoto."

Miaka yote ile nilikuwa nikimlinda mtu aliyekuwa akinisubiri.

Kesho yake asubuhi nilichukua gitaa nikaenda Marereni. Nilitarajia kuonyeshwa kaburi. Mwenye duka la kwanza niliyemuuliza alinielekeza kwenye nyumba yenye ua wa michongoma, nikamkuta Kadzo amekaa kibarazani anachambua kunde, nywele nyeupe, mgongo umenyooka vilevile.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akanitazama kwa ule utazamaji wake usio na haraka. "Wewe si yule aliyelia?"

Zaidi ya miaka thelathini jukwaani, na kwa Kadzo mimi bado ni yule aliyelia. Nikaketi kwenye mkeka nikamweleza nilichokuja kufanya: kwamba wimbo ni wake, kwamba niliuchukua bila kumtaja na kuubunia kisa cha bibi harusi, kwamba sasa unachapishwa na nataka jina lake liwe pale. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima. Kadzo akaendelea na kunde zake. Nilipomaliza akaanza kucheka, kwanza mabega, kisha tumbo, mpaka ungo ukamponyoka.

"Kaka, sauti ile nami niliiokota! Karani wa ofisini alikuwa na mashine ya santuri. Na santuri yenyewe ilikuwa moja. Moja tu! Kila saa ya chakula, ni hiyo hiyo, Mzungu anapiga makelele ya Kiingereza na gitaa lake. Tuliichukia mpaka tukaizoea. Mimi nikaipunguza mwendo nikaitia maneno yangu."

Nikashika kichwa. Mgeni wetu mwenye kofia alikuwa amesema kweli tupu. Roki ilitoka ng'ambo ikaja Marereni, Kadzo akaituliza, na mimi, nikijiona fundi, nikairudisha kuwa roki nikidhani nimevumbua kitu. Na aliyeleta santuri ni karani, mtu yule yule niliyejifanya kuwa ni mimi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, ikawa Kadzo ameniona nikilia mara ya pili.

"Lakini maneno ni yako," nikasema.

"Maneno ni yangu. Ila kabla hujaandika lolote, kuna mtu wa kumuuliza." Akageuza shingo kuelekea nyumba ya jirani. "Sidi! We Sidi! Njoo umwone aliyekuchelewesha harusi!"

Hapo kicheko kikaniisha. Haikuwahi kunijia akilini, hata mara moja, kwamba Sidi ni mtu anayeishi mahali fulani na masikio yake.

Alikuja akifuta mikono, mwembamba kama zamani, leso moja tu kiunoni. Nikasimama. Nikamwamkia, hakuitika.

"Wewe ndiwe wa kile kisa cha bibi harusi?"

"Ndimi, dada."

"Basi nikwambie. Mimi sikuchelewa harusi yangu. Nilifika kabla ya bwana harusi. Huko Malindi mlipokuwa mkicheka, huku nilikuwa naitwa Bibi Chelewa. Kwenye harusi ya binti yangu mwenyewe waliupiga wimbo huo, watu wote wakanigeukia. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya jiko mpaka wakamaliza. Na mjukuu wangu juzi ameniuliza, bibi, ni kweli pilau ilipoa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimekuja kurudisha jina la mtu mmoja, kumbe jina nililoliharibu ni la mwingine. Niliomba radhi. Sidi akainama kuziokota kunde zilizomwagika, na Kadzo ndiye aliyeendelea.

"Hujui kwa nini alitajwa yeye tu msimu mzima?"

"Alikuwa akibaki nyuma."

"Alikuwa na mimba," Kadzo akasema. "Mwenye mimba hakuruhusiwa kubeba, alifukuzwa siku hiyo hiyo. Mumewe alikuwa kitandani, mgonjwa, na nyumbani hakuna kingine. Leso mbili zilikuwa za kuficha tumbo. Lakini mwendo huwezi kuuficha kwa leso. Basi tukakubaliana, wanawake wote kumi na mbili: wimbo utamkemea Sidi, na miguu yetu yote itakwenda kwa mwendo wa Sidi. Nyapara akasikia tunamhimiza, akaridhika. Hakuona kwamba hakuna aliyekuwa mbele ya Sidi. Tuliburuta miguu mpaka mimba ikafika miezi minane, na lundo lilijaa vilevile."

"Na 'sisi twakungoja'..."

"Tulikuwa tukimngoja kweli," akasema. "Wewe ndiye uliyeukimbiza."

Nilikuwa bwawani, hatua chache kutoka kwao, miezi minane, na masikio yangu ya mwanamuziki. Sikusikia. Niliona wanawake wazito wanaotembea polepole, nikauchukua wimbo wao nikaufanya wa kumcheka yule waliyekuwa wakimlinda. Naandika hili kwa aibu, lakini pia, nawaambia kweli, kwa furaha, maana katika miaka yangu yote ya kupiga nyimbo za watu sijawahi kukutana na mpango wa muziki uliofanya kazi vizuri kiasi kile.

Mtoto alizaliwa salama, ni yule binti wa harusi. Sasa ni muuguzi Kilifi.

Tulikaa mpaka adhuhuri tukipanga. Mercy, hivi ndivyo mtakavyoandika. Maneno ni ya Kadzo. Kituo cha mapigo manne ni cha Kapteni. Sauti ni ya santuri ya ng'ambo ambayo mwenyewe hatumjui, kwa hiyo msiingie studio kabla ya kumtafuta; wavumishieni puani wageni wote wenye mvi, mmoja atakumbuka. Kisa cha bibi harusi kisisimuliwe tena hata kwa utani. Jina langu liacheni. Hayo Kadzo aliyakubali, lakini Sidi alisema atakubali akishausikia.

Nikalitoa gitaa. Nikaanza kama tulivyozoea hotelini, kwa ule mwendo unaowanyanyua Wataliano vitini, na vidole vyangu vilijisikia vizuri, lazima niseme. Sikufika hata mstari wa pili. Sidi alikuwa ameinua mkono.

"Taratibu, Katana," akasema. "Nina mimba ya miezi sita."

Nikapunguza. Akatikisa kichwa, nikapunguza tena. Nikazidi kupunguza, mpaka kati ya pigo na pigo pakawa na nafasi ya mtu kuweka mguu chini, kupumua, na kuinua mwingine. Ndipo bibi yule akashika kiuno, akainyoosha shingo, akaanza kutembea uani. Kadzo akainuka akamfuata nyuma, hatua kwa hatua, bila kumpita.